Kibuyu Kikinyamaza

Kakuma, Jumatatu 12 Mei 2025

Kwa Mwalimu Wasike, jikoni, chuo cha upishi, Lodwar

Ejok, Mwalimu. Nakusalimu kwanza, kwa sababu mimi si mtu wa kuanza ugomvi bila salamu. Sasa salamu zimeisha.

Mimi ni Nakaale, mama yake Akeno. Kama humjui Akeno ni yupi, ni yule mrefu anayekata vitunguu bila kutoa chozi. Huyo ni wangu. Nimezaa watano na wote wana akili, lakini huyo alijua kunusa maziwa yaliyoharibika kabla hajaota meno.

Nilipiga simu hapo chuoni. Msichana wa ofisi akaniambia malalamiko ya mzazi lazima yaandikwe kwa karatasi. Alifikiri nitaogopa. Nilifika darasa la sita, na mwandiko wangu ulionyeshwa darasa la saba waone aibu. Kwa hiyo shika hii karatasi.

Akeno alifika nyumbani Jumamosi na uso umeanguka. Anasema ulikuwa mtihani wa kupiga krimu na kupamba keki, na umempa alama kumi na nane kwa mia. Nikamuuliza, kwani ilikuwaje? Akasema krimu ilikatika, ikawa vidonge na maji. Nikamuuliza, krimu ilitoka wapi? Akasema ya chuo. Nikamuuliza, sasa kosa ni la nani? Akatazama chini.

Mtoto mwenye adabu hawezi kumsema mwalimu wake. Basi nasema mimi: ulimpa krimu mbovu.

Hapa Kakuma mwenye maziwa ni mimi. Natoa malai juu ya maziwa, hiyo mnayoiita krimu, natikisa kibuyu, nauza siagi na samli. Wahabeshi wa kambi ya wakimbizi wakiwa na sherehe wanapita maduka matatu kuja kwangu. Leo binti yangu aanguke kwa malai? Hiyo ni kama kusema ngamia amepotea njia ya kisima.

Kuna hoteli hapo Lodwar imemwekea nafasi jikoni mwezi wa saba, lakini lazima afaulu huo mtihani. Nataka aufanye tena, na mara hii umpe krimu nzima. Sikuombi. Nakuambia.

Ni mimi,
Nakaale, mama yake Akeno


Lodwar, 15 Mei 2025

Kwa Mama Akeno

Nimepokea barua yako. Akeno namjua vizuri. Ni mwanafunzi hodari, na alama zile ziliniuma kuziandika.

Naomba nieleze. Krimu si kitu kimoja, mama. Hutofautiana kwa mafuta. Ile nyepesi ina mafuta asilimia kumi na nane au ishirini. Hiyo ni ya kutia kwenye supu, mchuzi au kahawa, nayo haiumuki hata uipige namna gani. Ya kupiga ina thelathini na tano hivi. Hiyo ndiyo inayokamata hewa, ikavimba na kusimama juu ya keki. Kuna nzito zaidi, karibu asilimia arobaini na nane, ambayo husimama haraka na kuharibika haraka vilevile. Kuna iliyochachushwa, ya kuoka keki laini au kula na viazi. Halafu kuna ya unga, iliyotengenezwa kwa mafuta ya mimea. Waokaji wengi hapa huitumia kwa sababu inavumilia joto letu, ila inaacha utando mdomoni. Mtihani unataka ya maziwa.

Siku ile wanafunzi wote kumi na wanne walitumia ya kupiga, kutoka katoni moja, friji moja. Za wenzake kumi na watatu zilisimama.

Kwa nini ya Akeno ilikatika, naomba umuulize mwenyewe. Kuna jambo nilimwahidi kwamba sitalisema.

Kuhusu kurudia, kanuni ni mwaka ujao. Mkuu wa Chuo pekee ndiye anayeweza kuruhusu mapema, akipewa sababu.

Wako,
P. Wasike


Kakuma, 19 Mei 2025

Mwalimu Wasike,

Barua yako nimeisoma mara mbili, ya pili kwa sauti ili mume wangu Ereng asikie. Alicheka mpaka ugoro ukamwagika. Akasema, "Hawa watu wameigawanya malai kama kata za uchaguzi!"

Umeandika asilimia, asilimia. Mimi nikitaka kujua mafuta ni kiasi gani nachovya kidole. Na mbona hukuandika kwamba malai ya ng'ombe ikilala inaamka iko juu, ya mbuzi inakuja kwa maringo, na ya ngamia unaweza kuingoja mpaka uzeeke? Haya hayako kwenye kitabu chako? Akeno aliyajua akiwa na miaka sita.

Halafu hilo jambo ulilomwahidi mtoto wangu. Mtu mzima akianza kuniambia "muulize mtoto," najua kuna kitu amekalia. Nimemuuliza kwa simu. Amesema mtandao ni mbaya. Mtandao ulikuwa mzuri, nilikuwa nasikia jogoo wa jirani yake.

Basi nimefanya uchunguzi wangu. Nilinunua krimu ya boksi kwa duka la Msomali, nikaitia kwenye kibuyu, nikakaa chini nikaitikisa. Sisi hatupimi kwa saa, tunapima kwa nyimbo. Wa kwanza ni wa ng'ombe mweusi wa baba yangu. Wa pili ni wa mvua. Wa tatu ni wa kuita watu waje wale, na ukiisha huo siagi imetoka. Hivyo ndivyo mama yangu alivyonifundisha na ndivyo nilivyomfundisha Akeno.

Nikaimba zote tatu. Maji. Nikarudia zote tatu. Maji! Majirani walidhani nimepata msiba. Mchana mzima, na hata punje ya mafuta haikuonekana.

Krimu ya boksi ni uongo mtupu. Ushahidi ndio huo, nimekata karatasi ya boksi nikaibandika hapa chini. Nakala moja nimempelekea Mkuu wako, kwa mkono wa yuleyule dereva wa matatu anayebeba barua zetu. Sasa ngoja tuone.

Nakaale


Lodwar, 22 Mei 2025

Mama Akeno,

Mkuu aliniita. Alikuwa ameshika barua yako na alikuwa anacheka, jambo ambalo sijaliona kwa miaka minne.

Ile karatasi uliyobandika, tazama pembeni chini: mafuta asilimia kumi na tisa. Hiyo ni krimu ya kupikia. Hata ungeimba mpaka Krismasi isingetoka kitu. Si mbovu. Imetengenezwa hivyo, isigande wala isikatike ikikutana na moto wa sufuria. Iliyobaki itie kwenye mchuzi wa mbuzi dakika za mwisho, utanikumbuka.

Nimempa dereva pakiti moja ya krimu ya kupiga, ileile ya mtihani. Iko ndani ya sanduku la barafu la watu wa samaki, kwa hiyo usishangae harufu ya nje. Ikifika ilaze kwenye ubaridi, na chombo chako pia kiwe baridi. Hapa kwetu saa sita kipimajoto kinasoma thelathini na nane. Krimu ikipata joto, mafuta yanalegea na hewa haikai.

Ombi langu ni moja: uipige mbele ya mtu anayeoka keki. Sitasema zaidi, kwa sababu ya ile ahadi.

P. Wasike


Kakuma, 27 Mei 2025

Mwalimu,

Ejok. Leo salamu ni ya kweli.

Pakiti ilifika. Nilimwita Jessica, Mkongo anayeoka keki za harusi kule kambini. Ni mtu wa kelele lakini mikono yake ni mizuri. Nikalowesha gunia, nikafunika kibuyu mpaka kikapoa, nikamwaga krimu, nikaanza.

Wimbo wa kwanza, krimu inapiga kelele ndani, cho, cho, cho. Wimbo wa pili, sauti inazama. Ulipoisha, kibuyu kikanyamaza. Kimya kabisa, kama kimebeba pamba. Nami nikaingia wimbo wa tatu bila kuvuta pumzi, kama kawaida yangu.

Jessica akaruka. "Mama, simama! Simama! Iko muzuri njo ivi! Unaiua!"

Nikamwambia, "Nyamaza, wewe. Kwetu hakuna kuacha kazi katikati." Nikaimba mpaka mwisho. Kibuyu kikaanza kelele tena, nikafungua, nikatoa bonge la siagi, nzuri, ya manjano kidogo. Nikamwinulia Jessica aone mimi ni nani.

Alikuwa ameshika kichwa kwa mikono miwili.

Hapo, Mwalimu, nilikaa chini.

Kwa sababu nilikumbuka kitu. Akeno akiwa na miaka saba nilimwachia kibuyu. Kiliponyamaza akaacha, akafungua, akaanza kulamba lile povu jeupe. Akaniita, "Mama, njoo uone, imekuwa wingu!" Nilimpiga vidole kwa mwiko. Nikamwambia, kibuyu kikinyamaza ndipo mvivu anaacha, ndipo mtoto wangu anaongeza nguvu. Nilimwimbisha upya wimbo wa tatu huku analia. Na nilijisifu kwa hilo. Nimejisifu miaka kumi na minne.

Nijibu swali moja tu, usijifiche nyuma ya ahadi. Siku ya mtihani, krimu iliponyamaza, mtoto wangu aliongeza nguvu?

Nakaale


Lodwar, 30 Mei 2025

Mama yangu,

Ejok. Mwalimu amenionyesha barua yako. Alisema hatajibu yeye, nijibu mimi.

Ndiyo, niliongeza.

Mwalimu alisema acha. Nilimsikia, mama, usifikiri sikusikia. Nilikuwa na mchapo wa mkono, ule wa waya wa kupigia krimu, na krimu ilianza kuwa nzito, ile sauti ikapotea, na mkono ukaenda wenyewe. Mpaka nikashtuka imeshakatika. Darasa lote lilikuwa linanitazama, na nilikuwa bado napiga.

Nilimwomba mwalimu asikuambie. Ningekuambiaje? Kila mtu Kakuma unamwambia binti yako ana mkono wako. Ningesema huo mkono wako ndio umeniangusha? Nikaona afadhali udhani krimu ni mbovu. Sikujua utaandika barua. Sikujua utamwandikia hadi Mkuu! Wasichana wa bweni wananiita "Nakala kwa Mkuu."

Mwalimu amenipa krimu ya mazoezi mara tatu tangu nirudi. Mara tatu nimepitiliza. Nikijizuia naacha mapema mno, inabaki majimaji, inateleza kwenye keki. Nikiendelea inakatika. Katikati hapo siwezi kupaona. Wenzangu wanatazama tu kwa macho na kujua. Mimi nikitazama, mkono unasikiliza kitu kingine.

Kwa hiyo mama, usimsumbue Mkuu tena. Nafasi ya hoteli atapewa mwingine. Dada mmoja mwenye duka la kitambaa hapa mjini amesema naweza kuanza kwake Jumatatu ijayo. Si vibaya.

Usilie. Najua hutalia mbele ya Baba, lakini usilie hata kwa Jessica.

Binti yako,
Akeno


Kakuma, 1 Juni 2025

Akeno,

Kitambaa? Mwambie huyo dada kitambaa chake akikate mwenyewe.

Nani amelia? Nilitokwa na maji kidogo sababu ya moshi. Sasa tega sikio, mama anaongea.

Mkono wako hauna ubovu. Mkono wako umetii. Umeambiwa neno moja na miaka kumi na minne umelishika, wakati wenzako hata la jana wamelisahau. Aliyekosea kuuambia ni mimi, na mimi ndiye nitakayeuambia upya. Ule mwiko nimeuvunja nikawashia moto wa chai. Baba yako ameshuhudia.

Tangu Jumanne natikisa kibuyu kila asubuhi na Jessica yuko kando. Nimekula povu mpaka naona aibu. Na nimekuta hapo mahali unapopatafuta, mwanangu. Pana mlango. Unajua ukimaliza wimbo wa mvua unavuta pumzi kabla ya kuita watu? Ni hapo. Kwenye hiyo pumzi. Malai imesimama, ukiinua kijiti inabaki na pembe kama ya mbuzi mdogo, haidondoki. Siku zote imekuwa hapo! Miaka arobaini nimekuwa nikiipita mbio kila siku kama basi la Lokichoggio, wala sijasimama kushusha mtu.

Basi usitazame kwa macho ya wenzako. Una masikio yako. Imba nyimbo mbili, polepole, kama tulivyokuwa tunaimba mimi na wewe nyuma ya nyumba. Kitu kikinyamaza na wimbo wa mvua ukaisha, vuta pumzi, na weka mchapo chini. Chini kabisa, mezani. Wimbo wa tatu usiuguse. Huo ni wa nyumbani.

Na ikiwa mikono inataka kuendelea, iambie mama amesema acha. Itasikia. Sauti yangu inaijua.

Mkuu nimemwandikia. Naam, tena. Umesema nisimsumbue, lakini mimi sikuzaliwa kwa kutomsumbua mtu. Alitaka sababu, nimempa sababu. Nimeandika: "Kosa la mtihani huu ni la Nakaale, si la Akeno. Mwanafunzi alifuata mwalimu wake wa kwanza. Kama kanuni yenu inataka mtu wa kungoja mwaka mzima, nitangoja mimi." Nimetia sahihi, na dole gumba juu yake, asiseme sijui kuandika au asiseme najua sana.

Jumatatu usiende dukani. Nenda jikoni.

Mama


Lodwar, 21 Juni 2025

Mama Akeno,

Salamu. Nimesubiri mpaka karatasi zitiwe sahihi ndipo nikuandikie.

Mkuu alikubali. Barua yako ameiweka kwenye faili, na msichana wa ofisi ananiambia Mkuu huwa anaitoa kuisoma. Mtihani ulikuwa jana, Ijumaa, saa nne asubuhi, mbele ya mtahini kutoka nje, Bi. Wanjugu, mtu asiyetabasamu.

Feni mbili hazikuwa zinafanya kazi. Akeno alilaza bakuli kwenye barafu, akamimina krimu, akashika mchapo. Kisha akaanza kuimba. Bi. Wanjugu akaacha kuandika. "Huyu anafanya nini?" Nikamwambia, "Anapima muda." Akasema, "Saa iko ukutani." Nikamwambia, "Hiyo ya ukutani haijui krimu."

Samahani, mama. Nadhani barua zako zimeniambukiza.

Alimaliza wimbo wa kwanza. Wa pili ukaanza kwenda polepole, na sauti ya mchapo ikazama. Mimi nimefundisha miaka kumi na moja na sijawahi kuogopa bakuli. Krimu ikanyamaza. Nikaona bega lake likiinuka kutaka kuendelea. Nikaona akivuta pumzi. Kisha akaweka mchapo mezani, akarudi nyuma hatua moja, mikono nyuma ya mgongo, kana kwamba anaificha.

Ilisimama. Pembe ndogo kabisa, ikainama kidogo kwenye ncha.

Amepata themanini na moja. Alama nyingine alizipoteza kwa sababu maua ya krimu yaliegemea upande mmoja. Hoteli imethibitisha, anaanza tarehe moja Julai.

Kuna jambo moja nimebaki nalo. Siku ya mtihani wa kwanza, ile iliyokatika niliimwaga kwenye pipa mbele ya darasa, ili wengine wajifunze. Alikuwa amesimama pale anatazama. Ilikuwa siagi nzuri. Nilijua ni siagi nzuri. Nakuomba radhi, na yeye nimemwomba.

Pasta Wasike
(herufi ya P. uliyokuwa ukimuuliza Akeno, baba yangu alikuwa na matumaini ya kanisani, si ya jikoni)


Kakuma, 24 Juni 2025

Mwalimu Pasta,

Ejok, ejok, ejok. Moja yako, moja ya Mkuu, moja ya huyo Bi. Wanjugu hata kama hatabasamu.

Themanini na moja! Nimeizungusha soko lote. Yule Msomali mwenye duka anaijua, Wahabeshi wanaijua, askari wa kituoni nimemsomea akiwa kazini. Ereng anajifanya hajali, lakini jana nilimsikia akiwaambia ngamia.

Sasa turudi kwenye ugomvi. Hizo kumi na tisa zimeenda wapi? Maua yameegemea, hivyo tu? Mwambie huyo mtahini aje Kakuma mwezi wa saba, upepo ukiwa kazini, anionyeshe ua moja lililosimama wima. Mtoto wangu ametengeneza maua ya Turkana. Nataka hizo alama. Nitaandika.

Radhi yako nimeipokea. Lakini siagi, Mwalimu! Kwenye pipa! Siku hiyo ungeniambia kwa simu ningefika Lodwar kwa miguu. Unasema ulitaka wengine wajifunze. Walijifunza nini? Kwamba kitu kikipita pale ulipotaka basi ni uchafu? Mimi naishi kwa hicho kilichopita. Nimesomesha watano kwa hicho.

Siku hizi natikisa kama zamani, ila wimbo wa mvua ukiisha nasimama kidogo. Nafungua, nachovya kidole, nalamba wingu. Ndiyo, nimeanza kuiita hivyo. Majirani wanasema Nakaale amezeeka anakula mtaji wake. Nawaambia mnyamaze, nalipa deni la mtoto wa miaka saba. Kisha nafunga, naingia wimbo wa tatu kwa nguvu zote.

Mwambie Akeno akija likizo aje na hizo krimu zenu za kila asilimia, na Jessica atakuwepo. Ile ya kupikia naikubali. Niliitia kwenye mchuzi wa mbuzi kama ulivyosema, na sitaandika ilikuwaje, usije ukavimba.

Jambo la mwisho, na hili nakala kwa Mkuu. Wapo watoto wengine wanakuja hapo jikoni, na wengine wana mama kama mimi. Siku krimu itakapokatika mkononi mwa yeyote kati yao, pipa lisiguswe. Mpe mtoto kitambaa safi, aifunge mwenyewe, umpe dereva.

Iletwe kwangu. Wimbo wa tatu nitauimba mimi.

Nakaale, mama yake Akeno wa themanini na moja, na nyingine zinakuja